Mtungi Mezani: Filamu Mbili, Mtaa Mmoja wa Kisumu na Mashahidi Walioiga Kisichofaa

Usuli

Mtaa wenyewe uko pembezoni mwa Kisumu, upande ule ardhi inapoteremkia ziwani, ambako mvua ya Aprili ikikolea kila mtaro unajiona mto. Sitautaja. Kiwanda nacho sitakitaja, wala kazi yake, na mambo kadhaa madogo nimeyageuza ili asitambulike mtu. Inatosha kusema kuna mfereji unaotokea nyuma ya ukuta, unakata malisho, unapita kando ya shule ya msingi na kumwaga kwenye kijito ambacho akina mama hufulia. Kuna siku maji yake ni maji tu. Kuna siku yanatoka na rangi ya strungi, povu limeelea juu, na harufu yake inaganda kwenye nguo hata ukizianika siku mbili.

Malalamiko yalikuwa ya miaka: ng'ombe kutupa mimba, mbuzi kuharisha hadi kufa, watoto kuwashwa miguu. Barua zilikwenda kwa chifu, zikaenda kwa mwakilishi wa wadi, zikarudi na ahadi. Sisi tuliingia tukiwa wasaidizi wa kisheria watano, pamoja na wakili mmoja wa mjini aliyekubali kuipitia faili bila malipo. Aliipitia kwa dakika kumi akaifunga. "Hasira ninaiona," akasema. "Tarehe ziko wapi?"

Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinaongeza kwamba anayekwenda kortini kuidai haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi imekwisha. Lakini kuiomba korti izuie uchafuzi ni jambo moja, na kudai fidia ya ng'ombe wako ni jingine. Kwenye fidia utaulizwa ni ng'ombe yupi, alikufa lini, alikunywa wapi, na nani mwingine aliona.

Tuliwaeleza kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa shilingi bilioni 1.3 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020. Fidia hiyo ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, kisha ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Tuliwaambia kesi ile ilibebwa na vipimo, si na kelele. Wakatusikiliza kwa ile heshima ya barazani, macho yakiwa kwenye sufuria ya chai.

Uamuzi wa kwanza

Mmoja wetu akasema tuwaonyeshe sinema. Nilikuwa wa kwanza kuunga mkono, kwa hiyo lawama ya yaliyofuata inaanzia kwangu.

Tulichagua Erin Brockovich, ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Steven Soderbergh. Sababu zilionekana nzuri. Ni kisa cha kweli cha mji mdogo wa Hinkley, California, ambako kampuni ya umeme na gesi ya PG&E iliacha kromiamu yenye sumu ipenye hadi kwenye maji ya visima, na mwaka 1996 ikakubali kulipa dola milioni 333. Shujaa wake si wakili. Ni mama wa watoto watatu, hana mume, hana shahada, hana hata pesa za wiki. Robo tatu ya watu wetu walikuwa wanawake wa namna hiyo. Na Julia Roberts, anayemwigiza Erin na aliyepata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2001, ni mtu ambaye ukimtazama huwezi kusinzia.

Kiingereza kilikuwa kizuizi, basi tukamtafuta kijana wa kibanda cha video aliyezoea kusimulia filamu juu ya sauti yenyewe, kwa mtindo ambao DJ Afro ameufanya ujulikane nchi nzima. Kijana wetu husimulia kwa Kiswahili, akichota Kiluo pale utani unapokataa kuvuka. Shuka nyeupe kwenye ukuta wa kanisa, jenereta nyuma ya choo ili isisumbue, mandazi, watu zaidi ya mia.

Usiku ule ulikuwa wa Roberts na kijana wetu wakishindana. Kila Erin alipofungua mdomo, msimulizi alimpa maneno makali mara mbili ya yale aliyoyasema. Watu walipiga makofi hadi mbwa wakaanza kubweka. Kilele kilikuwa pale mawakili wa kampuni wanapokuja na kiasi cha pesa kidogo, na mmoja wao yuko karibu kunywa maji, ndipo Erin anapomwambia kwamba maji hayo yameletwa maalumu kutoka visima vya Hinkley. Yule mama anairudisha glasi mezani. Msimulizi hakuhitaji kusema lolote. Ukumbi wote ulisimama.

Tulirudi nyumbani tukipongezana.

Siku ya mtungi

Siku tisa baadaye kulikuwa na mkutano. Ofisa kijana kutoka ofisi moja ya umma alikuja kusikiliza, na kiwanda kikamtuma mwakilishi wake, mtu mpole mwenye kalamu nzuri. Tulikuwa tumepanga wazungumzaji watatu. Wa pili alikuwa mama mmoja mkaanga samaki, hodari wa maneno, ambaye tangu usiku wa sinema alikuwa ameanza kutembea tofauti kidogo. Ninasema hivi kwa upendo. Hata mumewe alilitaja.

Alipoitwa hakuanza na maelezo tuliyoyapanga. Aliinama, akatoa chini ya kiti mtungi wa lita tano, akajaza glasi, akaisukuma mbele ya ofisa. "Madam, karibu maji. Ni yale yale tunayokunywa sisi."

Watu wakashangilia. Mimi mwenyewe nilisikia mwili ukinisisimka, na kwa sekunde kama tatu nilidhani tumeshinda.

Ofisa hakushtuka kama yule wakili wa sinema. Aliitazama glasi, akamtazama mama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Maji haya yamechotwa wapi hasa, na lini?" Mama akasema Jumatatu. Jirani yake akasema hapana, Jumamosi. Mtu wa nyuma akasema yalichotwa kwenye kijito, si kwenye mfereji, maana mfereji siku hiyo ulikuwa mkavu. Kisha ofisa akanusa. "Na mtungi huu ulikuwa wa nini?"

Kimya. Ulikuwa wa mafuta ya taa.

Yule mtu wa kalamu nzuri aliandika sentensi moja. Wiki mbili baadaye tuliiona ndani ya barua ya kiwanda: kwamba wakazi walileta mbele ya afisa wa serikali maji yaliyowekwa kwenye chombo chenye mafuta, na kwamba malalamiko mengine yapimwe kwa kuzingatia hilo. Wakili wetu alipiga simu. Hakugomba, na hilo liliniuma zaidi. Aliuliza tu, "Sinema inayofuata ni ipi?"

Uamuzi wa pili

Kati yetu watano, wawili walitaka tuache filamu kabisa na turudi kwenye karatasi. Hoja yao haikuwa mbaya. Yangu ilikuwa hii: watu hawa wameshajifunza kwa kumtazama mtu akifanya, na mtu huyo hutamfuta kwa hotuba. Itabidi awekwe mwingine mahali pake.

Nilipendekeza Dark Waters, ya mwaka 2019, ya Todd Haynes. Nayo ni kisa cha kweli. Mark Ruffalo ni Rob Bilott, wakili wa Cincinnati ambaye kampuni yake ya uwakili hutetea viwanda vya kemikali, hadi mfugaji wa West Virginia, Wilbur Tennant, anapoingia ofisini akiwa na sanduku la kanda za video alizorekodi mwenyewe: ng'ombe wake wakifa mmoja mmoja. Jirani wa malisho yake ni jaa la taka la kampuni ya kemikali ya DuPont, na kemikali inayotafutwa ni PFOA, iliyotumika kutengeneza Teflon, ule mpako wa sufuria zisizogandisha chakula. Kesi inaanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na makubaliano makubwa ya dola milioni 671, kwa madai zaidi ya 3,500, yanafikiwa mwaka 2017. Tennant alikuwa amekufa zamani.

Sababu yangu haikuwa ng'ombe tu. Ilikuwa ni namna Ruffalo anavyoigiza. Roberts anaibeba filamu yake kwa kifua mbele. Ruffalo anaibeba kwa mabega yaliyoshuka. Anaongea kama mtu anayeomba radhi kwa kuchukua nafasi ya wengine, tai imembana, mdomo umekunjwa kama wa mtoto aliyenyimwa kitu. Anapoletewa maboksi ya nyaraka, zaidi ya kurasa 110,000 katika kesi halisi, analofanya ni kuketi sakafuni na kuanza kuyapanga kwa tarehe. Hakuna muziki wa kumpandisha mtu, hakuna glasi.

Wale wawili wakasema watu watalala. Tukakubaliana tuonyeshe kwa vipande, siku mbili, tukisimamisha pale tunapotaka.

Maonyesho ya pili

Walikuja kama arobaini. Gor Mahia walikuwa wakicheza jioni ile, kwa hiyo vijana wengi hatukuwapata.

Kijana wetu wa kusimulia alipata taabu tangu mwanzo. Dakika ya ishirini alizima kipaza sauti akaninong'oneza, "Sasa huyu hasemi kitu, nitasimulia nini?" Nikamwambia asome maandishi ya kwenye karatasi, na pasipo maandishi anyamaze. Nadhani hakuwahi kuambiwa jambo gumu kama hilo kazini.

Lakini Tennant hakuhitaji tafsiri. Bill Camp anamwigiza akiwa mzito, nyusi kama majani makavu, maneno yakitoka nusunusu, na hasira yake si ya jukwaani, ni ya mtu aliyechoka kueleza kitu kile kile. Alipofungua friji na kutoa viungo vya ng'ombe alivyovihifadhi, nyongo iliyovimba, meno yaliyogeuka meusi, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele, ambaye nitamwita Jaduong' kama sote tulivyomwita, alisimama, akachukua fimbo yake akatoka.

Nilidhani amechukizwa. Tukaendelea. Alirudi baada ya nusu saa, akapita mbele ya shuka kivuli chake kikimfunika Ruffalo mzima, akanipa kitu kilichofungwa kwenye paper ya nailoni, zile zilizopigwa marufuku mwaka 2017. Ndani kulikuwa na daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

Jaduong' alikuwa akiandika. Miaka minne. Safu ya kwanza siku, lakini si tarehe za kalenda: "soko la pili baada ya mavuno", "siku mvua ilipong'oa paa la kanisa". Safu ya pili jina la ng'ombe, maana wake wote wana majina. Ya tatu, alichokiona: povu mdomoni, kutupa ndama wa miezi sita, manyoya kunyonyoka mgongoni. Ya nne ilikuwa neno moja tu kila mahali, "mfereji" au "kijito" au "bomba". Alikuwa anaandika walikokunywa.

"Kwa nini hukutuonyesha, Jaduong'?" nikamuuliza.

"Mliuliza nani anaweza kuongea," akasema. "Mimi siongei."

Siku ya pili tulisimamisha filamu mara tatu tu. Mara moja kwenye maboksi, tukawapa watu bahasha yenye barua na risiti ishirini zilizovurugwa wazipange. Mara nyingine kwenye egesho la magari la chini ya jengo, Ruffalo ameushika ufunguo wa gari na anaogopa kuuzungusha. Hapo tulizungumza kuhusu vitisho, jambo ambalo wanaume wawili walilijua kuliko walivyokuwa wametuambia. Mara ya mwisho kwenye foleni ya watu wanaotoa damu ili ipimwe ile kemikali.

Kilichofuata

Tarehe za Jaduong' zilichukua majuma matatu kuzigeuza kuwa za kalenda. Paa la kanisa lilipatikana kwenye kumbukumbu za mweka hazina, siku za soko tukazihesabu, na mazishi yalitusaidia sana kwa sababu kila familia ilikuwa bado na programu zilizochapishwa. Kati ya maingizo 61 tuliweza kuyathibitisha 38 kwa mtu wa pili au karatasi. Yaliyobaki tuliyaacha kwenye daftari na hatukuyaweka kwenye malalamiko.

Nyumba kumi na nne zilianza madaftari yao: saa, rangi, harufu, mvua ilikuwepo au la, nani mwingine aliona. Malalamiko mapya yalipelekwa yakiwa na kurasa sita tu. Safari hii maofisa walikuja kuchukua sampuli wenyewe, chupa zikafungwa na kutiwa lakiri, na wakazi wawili wakatia sahihi kama mashahidi. Ripoti ilionyesha mfereji umevuka kiwango katika vipimo viwili. Kiwanda kikaamriwa kurekebisha tangi lake la kusafisha majitaka, na wakati ninapoandika, kimerekebisha nusu. Madai ya fidia hayajafikishwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Familia mbili zilijitoa. Moja ina kijana aliyeajiriwa mle ndani, na hatukumlaumu mtu.

Tulipofanya mazoezi ya kuhojiwa, wakili alimuuliza yule mama wa samaki, kwa ukali wa kujifanya, "Maji ya mfereji yana rangi gani?" Mama akafunua daftari. "Ya siku gani unayouliza?"

Uchambuzi

Ni rahisi kusema filamu ya kwanza ilikuwa mbaya na ya pili nzuri. Si kweli, na ningependa kumtetea Roberts. Erin wa filamu ile anashinda kwa karatasi. Anakaa ofisi ya maji akinakili rekodi, anaingia majini kuchukua sampuli, na katika tukio ninalolipenda kuliko la glasi, wakili msomi anapomwambia faili zina mapengo, anamkariria namba ya simu ya mteja, magonjwa na historia ya familia, vyote kichwani. Kila kitu tulichotaka kufundisha kilikuwemo. Lakini Roberts ni mwigizaji ambaye nguvu yake yote hukimbilia mdomoni na machoni, na Soderbergh anajua kumwachia nafasi. Mtazamaji anabeba kile kilichong'aa. Sisi tukaongeza msimulizi aliyeng'arisha maradufu, na hatukusimamisha filamu hata mara moja. Tungesimamisha kwenye ile ofisi ya maji, pengine mtungi usingefika mezani. Tena filamu inaishia kwenye usuluhishi, si mbele ya baraza la wazee wa korti, na hilo nalo liliwapita watu kwa sababu makofi yalikuwa yamefunika.

Uigizaji wa Ruffalo ulifaa kwa sababu hauigiki kwa raha. Hakuna mtu aliyetoka usiku ule akitembea kama yeye. Walichoweza kuiga ni kazi ya mikono yake: kufungua, kupanga, kuandika juu ya bahasha. Albert Finney, akiwa bosi wa Erin, anafanya jambo linalokaribiana na hilo kwa uchovu wake mzuri, lakini pembeni mwa Roberts nani atamwangalia Finney?

Faida kubwa kuliko zote hatukuipanga. Tulipochagua wazungumzaji kwa ufasaha, tulimfungia nje mtu aliyekuwa na ushahidi. Camp alimwita. Sikuwa nimefikiria kabla ya hapo kwamba mzee anaweza kukaa mikutano minne akiwa na daftari nyumbani na asilitaje, kwa sababu mlangoni tumeandika, bila kujua, kwamba wanaohitajika ni wasemaji.

Anne Hathaway, mke wa Bilott, tulimpitia haraka mno. Wanawake walitaka kumzungumzia yeye na miaka ya kuachiwa nyumba. Sisi tulikuwa na haraka ya kurudi kwenye nyaraka. Mmoja alinikumbusha hilo mwezi mzima.

Palipotushinda kabisa ni foleni ya damu. Katika kisa halisi watu wapatao 69,000 walipimwa, na kila aliyekubali alilipwa dola 400. Tulisimamisha pale ili kueleza subira, maana majibu ya wanasayansi yalichukua takriban miaka saba. Watu waliona dola 400. Hadi leo kuna anayeniuliza njiani damu italipwa lini, na nimejaribu kueleza kwamba zile pesa zilitoka kwenye makubaliano ya kesi iliyokuwa imekwisha kupatana, lakini maelezo hayo hayana nguvu ya ile foleni. Kipande kile tungekikata.

Barua ya kiwanda kuhusu mafuta ya taa bado imo kwenye faili, na mawakili wao wataitoa siku ikifika. Tumeamua kutoificha. Mama wa samaki ameandika maelezo yake mwenyewe ya siku ile: mtungi ulikuwa wa nani, maji yalichotwa wapi, alikosea wapi. Kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ni jinsi ofisa alivyoitazama ile glasi.